Samaki wanaolala ndani ya konokono: majibu ya barua zenu

Mwezi uliopita niligusia tu, tena mistari miwili mitatu, kuhusu wale samaki wadogo wa ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya maganda ya konokono, na barua zimekuja nyingi kuliko mada yoyote niliyowahi kuandika hapa. Nimefurahi sana kwa kweli, kwa sababu hawa samaki ni wa kwetu, wafugaji wa Ujerumani na Marekani wanawajua kwa majina lakini mtu wa Kigoma mjini unaweza kumuuliza akakwambia hajawahi kuwasikia. Nimechagua barua tano, zilizofanana nimeziunganisha.

Shikamoo mjomba. Nipo Tabata, Dar, nina tangi la futi mbili nililinunua kwa mtu aliyekuwa anahama, lina kokoto za rangi rangi na kile kijumba cha plastiki. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunaenda likizo kwa bibi Ujiji, tunaokota yale maganda ya konokono ufukweni tunachezea, sikujua kama kuna samaki anaishi humo mpaka niliposoma kwako. Sasa nataka kuwafuga. Tangi dogo hivi linatosha kweli? Na nikiwachanganya na goldifishi wangu wawili kuna shida?

Marahaba mwanangu. Linatosha, na kwa samaki hawa futi mbili ni mahali pazuri kabisa pa kuanzia. Piga hesabu, urefu sentimita 60, upana 30, kimo 30, zidisha gawanya kwa 1000 unapata lita 54. Ningekushauri uanze na wale wanaoitwa kitaalamu Neolamprologus multifasciatus, wafugaji tunawaita multi tu, dume akikua hafiki hata sentimita 5 na jike ni kama 3, yaani ni katika siklidi (ukoo mmoja na perege) wadogo kabisa duniani. Na hawa hawana habari na maji ya juu, maisha yao yote yanaishia karibu na mlango wa kombe lao, ndilo hilo ganda la konokono, kwa hiyo unachokihitaji ni sakafu pana, tangi refu kwenda juu haliwasaidii kitu.

Ngoja nikueleze kule ziwani kukoje maana ukishaelewa hapo hayo mengine yote utayapanga mwenyewe. Yale maganda uliyokuwa unaokota Ujiji mengi ni ya konokono anayeitwa Neothauma, yupo Tanganyika tu. Akifa ganda linabaki, na maji ya ziwa lile yana madini mengi na pH yake, namba inayoshuka maji yakiwa machachu, iko juu, kama 9 hivi, kwa hiyo ganda haliyeyuki, linakaa tu, mengine yamekaa mamia ya miaka, mpaka kuna sehemu chini yamejaa kama zulia eneo kubwa. Sasa pale hakuna mawe, hakuna majani, samaki mdogo atajificha wapi asiliwe? Anaingia kwenye ganda. Humo ndo analala, humo ndo anataga, humo ndo watoto wanakulia. Kwa hiyo kwenye tangi lako vitu ni viwili, mchanga na makombe, na maji ambayo hayatayala hayo makombe.

Kokoto za rangi toa zote, na kijumba pia. Multi wanachimba kwa mdomo, anajaza mchanga mdomoni anaenda kuutema pembeni, anarudi, siku nzima kazi ndo hiyo, usiku mmoja tu unaamka unakuta sakafu imepangwa upya. Kokoto hawezi kuibeba na asipochimba anakaa kinyonge. Tafuta mchanga laini wa mto, uchekeche kwa chekeche la unga kuukuu, uoshe kwenye ndoo mpaka maji yatoke meupe, hapo mikono itachoka nakwambia ukweli, halafu mwaga kina cha sentimita 5 hadi 7. Mchanga wa baharini nao unafaa ila uoshe kwa maji yasiyo ya chumvi mara nyingi chumvi iishe, na ule wenye vipande vipande vya kombe ni mzuri zaidi maana unaongeza chokaa kwenye maji. Ukitaka kujua mchanga wako una chokaa dondoshea siki, ukitoa mapovu ujue inayo, na kwa tangi hili hicho ndo tunachokitaka.

Makombe: usiende chini ya matatu kwa kila samaki. Ukianza na samaki sita weka ishirini, ukipata thelathini ni bora zaidi. Kama una ndugu Ujiji akutumie yale yale ya utotoni, hayana mfano. Kama huna, yale majikonokono ya bustanini, maganda ya wale wadogo wadogo yanafaa, mlango uwe wa sentimita 2 au 3. Chemsha, tikisa kilichomo kitoke chote, nusa, likiwa linanuka chemsha tena. Makombe ya baharini yanafaa pia lakini kwanza hakikisha ni matupu, usitoe mnyama hai kwenye nyumba yake ili umpe mwingine, na yale yaliyopakwa vanishi ya kuuzia wageni achana nayo. Yapange yagusane, kama lundo lililotawanyika kidogo, milango ielekee juu, wao watauchimba mchanga na kuyageuza wanavyotaka.

Filta tafuta ile ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa. Ni ya bei ndogo na haivuti watoto, ukizingatia kitoto cha multi kikitoka tu ni kidogo kuliko punje ya mchele. Kwa Dar hita, kile kifaa cha kupasha maji, huihitaji. Shida yako itakuwa joto, Januari Februari maji yakipita 30 hewa inapungua ndani, fungua mfuniko na elekeza feni juu ya maji. Maji ya bomba yana klorini, yaache kwenye ndoo wazi siku nzima na pampu ya hewa ikipuliza, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Kama ni ya kisima yapime kwanza, visima vya Dar vinatofautiana mtaa na mtaa na vingine ni chumvi tupu.

Goldifishi hapana. Wao wanapenda maji ya ubaridi, wanachafua sana, na wakikua futi mbili haiwatoshi hata wao wenyewe. Watafutie kwao. Multi waache peke yao, hutachoka kuwaangalia.

Habari ya huko kaka. Niko South B, Nairobi. Nilinunua hawa samaki wa makombe sita kutoka kwa jamaa anayewazalisha. Tangi nilijaza maji ya bomba Jumamosi, Jumapili nikaweka samaki. Nikaongeza na chumvi ya jikoni vijiko vitatu juu nilisikia hilo ziwa maji yake yako na chumvi. Wiki haijaisha wanne wamekufa, wawili wamebaki wako juu wanapumua mbio mbio. Nimekosea wapi?

Pole sana kaka, na kabla sijakujibu ulikokosea tuwaokoe hao wawili. Leo hii badilisha nusu ya maji kwa maji yaliyotolewa klorini na yenye joto sawa na la tangi, kesho rudia tena, chakula simamisha siku mbili, na hewa ongeza. Na tafadhali usiweke bekingi soda leo hata kama mtu amekuambia samaki hawa wanataka pH ya juu, sababu nakueleza hapa chini.

Samaki akila anatoa amonia, na amonia ni sumu. Kwenye tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoila wakaigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu inazuia damu isibebe hewa, halafu wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati ambayo haina makali, hiyo unaitoa kwa kubadilisha maji kila wiki. Bakteria hao hawauzwi pamoja na tangi, wanaota wenyewe kwenye sponji na mchanga na inachukua wiki nne mpaka sita. Wewe uliwapa siku moja. Sasa cha hatari kwa samaki wa Tanganyika ni hiki, amonia ile ile, kiasi kile kile, pH ikipanda inakuwa kali mara nyingi zaidi. Maji yenu ya Nairobi yanatoka milimani, ni mepesi, pH haiko juu sana, pengine ndo maana hao wawili bado wapo. Ukimwaga bekingi soda ghafla wakati amonia imejaa unawamalizia.

Chumvi haikuwaua, ila haina kazi pale. Tanganyika si maji ya chumvi kama ya bahari, watu wanayanywa. Kinachoyafanya yawe magumu, yaani yenye madini mengi, ni madini mengine, bikaboneti kwanza, na magnesi nyingi kuliko kalsi. Chumvi ya mezani haipandishi pH wala haileti huo ugumu.

Sasa ukianza upya, na utaanza upya usikate tamaa, endesha tangi bila samaki. Mwombe huyo jamaa aliyekuuzia akukamulie sponji lake chafu ndani ya tangi lako, au bora zaidi akupe kipande cha hilo sponji, ule uchafu wa kahawia ndo bakteria wenyewe. Kisha kila siku mbili tupia unga kidogo wa dagaa uoze wapate chakula. Nunua vipimo vya amonia na nitriti, hii ni hela nawasihi wote msiione ya hasara, na amonia na nitriti zikisoma sifuri kwa wiki nzima huku bado unatupia dagaa, hapo tangi limekomaa. Ugumu uutengeneze kwenye ndoo, usimwage tangini moja kwa moja. Bekingi soda kijiko cha chai kimoja cha kufuta kwa lita 50 kinapandisha ule ugumu wa bikaboneti kama digrii 4 (za kipimo cha ugumu, si za joto), kwa maji yenu weka viwili, na kila ukibadilisha maji tumia kipimo hicho hicho. Magadi ya kupikia maharage usitumie, yana nguvu nyingine kabisa na huwezi kuyapima vizuri. Na weka makombe yaliyopondwa kwenye mfuko wa wavu karibu na filta, yatasaidia polepole. Ukipata pH 8.2 ikatulia hapo hapo mwezi mzima, ridhika, samaki anaumizwa zaidi na pH inayopanda na kushuka kuliko na namba yenyewe. Na kwa baridi ya Nairobi hita ni lazima, 25 au 26.

Shikamoo mzee. Mimi kijana naishi Kigoma, najua kuzamia na miwani. Kwa nini ninunue wakati ziwa liko hapa? Nikiwavua mwenyewe na nikauza Dar kuna ubaya?

Marahaba. Kuwavua bila kibali kuna ubaya, tena wa kisheria. Uvuvi wote Tanzania bara unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake, na samaki wa mapambo wamo, kwa hiyo kabla ya kuingia majini nenda ofisi ya uvuvi ukaulize leseni. Na ndani ya hifadhi kama Mahale, ambayo mpaka wake unaingia mpaka ziwani, usiguse kitu.

Halafu jua unatafuta nini. Hao multi wapo kusini mwa ziwa, upande wa Zambia na Rukwa kule, hapo Kigoma utazamia mpaka uchoke. Lakini kuna mmoja anapatikana karibu ziwa zima ambaye mimi nikipewa nafasi ya kuangalia samaki mmoja tu maisha yangu yote ningemwangalia huyo, Lamprologus callipterus. Dume lake linakusanya makombe, linayabeba moja moja kwa mdomo kutoka mbali, hata kuyaiba kwa jirani, linajenga lundo. Majike wanakuja kuchagua kombe humo wanaingia kutaga. Dume haliwezi kuingia, ni kubwa mno, uzito wake unapita wa jike zaidi ya mara kumi, na wanasayansi wamekuja hilo ziwa kutoka mbali kusoma jambo hili tu kwa sababu kwa wanyama ni nadra dume kuwa kubwa hivyo kuliko jike. Lione kwa miwani yako, bure, usilivue, halifai kwenye tangi dogo.

Na popote utakapozamia usichukue makombe ya lundo lenye samaki. Kila kombe pale lina mwenyewe. Okota ya ufukweni yaliyotupwa na mawimbi. Ila kitu kimoja nakuonea wivu, maji. Wenzako wote kwenye ukurasa huu wanapima soda na vijiko, wewe ndoo moja ya ziwani, iliyochotwa mbali na bandari na mitaro ya mji, imemaliza kila kitu.

Asalaam aleikum. Niko Mombasa, nina samaki wa makombe watatu wa aina ya ocellatus, dume na wake zake wawili. Jike mmoja alifukia kombe zima mchangani nikaona tundu tu, nikadhani amekufa ndani nikalitoa nikaliosha nikalirudisha. Siku ya pili kalifukia tena. Mara hii nimelitoa nimeliweka juu ya jiwe. Dume naye nikitia mkono ananiuma. Wana ugonjwa gani hawa?

Waaleikum salaam dada yangu. Hawana ugonjwa, wazima kabisa, na nakuomba urudishe hilo kombe mchangani sasa hivi kabla hujamaliza kusoma.

Ocellatus wako, tofauti na multi, ana desturi ya kuzika kombe lake. Anachimba chini yake likazama, halafu anageuka anapiga mchanga kwa mkia unaruka juu ya kombe mpaka ubaki mlango peke yake. Adui akipita haoni kitu. Na jike akikazana namna hiyo, analifukia ukilifukua analifukia tena, mara nyingi ana mayai au yuko karibu kutaga. Mayai yako ndani kabisa huyaoni, yeye anayapepea maji kwa mapezi mlangoni. Ukitulia, baada ya kama siku kumi utaona vichwa vidogo vinachungulia mlangoni, ukisogea vinaingia vyote kwa mpigo. Kuliosha kombe ndo kuwaosha wanawe.

Dume kukuuma ni haki yake, ana samaki wawili wa kulinda. Hana sentimita 6 na anapigana na mkono wa mtu mzima.

Jambo moja la kurekebisha. Kwa multi nimesema makombe yagusane kwa sababu wanaishi kama ukoo, bibi wajukuu wote pamoja. Ocellatus majike hawapendani. Tenga makombe yao sentimita 20 au zaidi, weka jiwe katikati wasionane, na ya akiba mawili matatu, maana ukiyaweka pamoja mmoja atampiga mwenzake mpaka amuue. Watoto wakitoka walishe mayai ya artemia (kamba wadogo sana wa maji ya chumvi) yaliyoanguliwa, kwenye chupa ya maji ya chumvi yenye hewa yanaanguliwa ndani ya siku moja au moja na nusu. Wakubwa wape unga wa dagaa kidogo mara mbili kwa siku, na viluwiluwi vya mbu wanavipenda kupita maelezo, ila wafuge kwenye ndoo yenye mfuniko usije ukawalea mbu wa mtaa mzima.

Mzee wangu, Mbeya huku umeme unakatika hata masaa nane usiku na baridi unaijua. Nifanyeje?

Funika tangi kwa blanketi pande zote ukiacha juu upenyo wa hewa, maji mengi yanapoa taratibu kuliko unavyofikiri. Usilishe. Kila nusu saa ukiwa macho chota maji kwa kikombe uyamwage kutoka juu hapo hapo tangini yapate hewa, na ukiweza nunua pampu ndogo ya betri ile ya wavuvi wa chambo. Umeme ukirudi baada ya masaa mengi, kabla hujawasha toa sponji ulikamue kwenye ndoo yenye maji ya tangi, yasiwe ya bomba, maana bakteria wakikosa hewa muda mrefu sponji linaoza na ukiwasha tu unasukuma uozo wote kwa samaki.

Msomaji wa Bujumbura uliyeuliza kuhusu mawe kwa ajili ya julidochromis, samaki wa Tanganyika wanaokaa kwenye mawe, barua yako nimeipata lakini picha zimetoka giza, nitumie nyingine ulizopiga mchana na uniandikie vipimo vya tangi, nitakujibu toleo lijalo.